FIMBO INAYOSIKIA MUKONO: TELEKOMANDE YA WII ILIPIMA NINI?



Katika ukurasa huu wa sayansi tunataka kueleza maneno ya chombo kimoja cha kuchezea michezo ya video. Tunajua kuna watakaouliza: "Gazeti la shule na michezo ya video, wapi na wapi? Mitihani inakaribia!" Ulizo hilo ni la haki. Jibu letu ni hili: ndani ya chombo hiki kuna somo la fizika ambalo tunalisoma darasani, tena kuna somo la namna ya kuhukumu kitu kipya. Watu walipokiona mara ya kwanza, wengine walikicheka, wengine walikisifu kupita kiasi. Pande zote mbili zilikosea kwa sababu moja: hawakuuliza chombo kile kinapima nini.

1. GINSI KILIVYOTOKEA

Kampuni ya Nintendo ni ya muji wa Kyoto, katika inchi ya Japani. Ilianza mwaka 1889, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza karata za kuchezea. Michezo ya video ilikuja nyuma sana. Mwaka 1983 ilitoa mashine iliyoitwa Famicom. Maneti yake ilikamatwa kwa mikono miwili: upande wa kushoto alama ya musalaba ya kuelekeza, upande wa kuume butoni mbili za kufinya.

Kampuni zingine zilifuata njia ile ile. Lakini kila mara mashine mupya ilipozaliwa, butoni ziliongezeka. Kufika miaka ya 2000, maneti ya kawaida ilikuwa na butoni zaidi ya kumi, pamoja na vijiti viwili vya kusukuma kwa vidole gumba. Kijana aliyekomaa navyo hakuona taabu, vidole vyake vilikimbia vyenyewe. Lakini ukimupa mama yako maneti ile, ao babu yako, anaitazama kidogo na kukurudishia: "Aa, miye siwezi. Kamata wewe mwenyewe."

Tena wakati ule Nintendo ilikuwa imeshindwa sokoni. Mashine yake ya mwaka 2001, iliyoitwa GameCube, iliuzwa karibu milioni 22 tu, lakini PlayStation 2 ya kampuni ya Sony ilipita milioni 150. Tangu mwaka 2002 mukubwa wa Nintendo alikuwa Bwana Satoru Iwata, mutu ambaye zamani alikuwa akiandika programu za michezo kwa mikono yake. Angeweza kufuata mbio za wengine: wao wanatoa mashine yenye nguvu, naye anatoa yenye nguvu zaidi. Lakini yeye na watu wake waligeuza ulizo. Badala ya kutafuta nguvu ya mashine, walitafuta kujua nani hachezi, na kitu gani kinamuzuia.

Tarehe 16 Septemba 2005, katika maonyesho makubwa ya michezo yanayoitwa Tokyo Game Show, Bwana Iwata alionyesha jibu lake. Watu walingojea maneti. Wakaona kitu cheupe, kirefu, chembamba, kinachokamatwa kwa mukono mumoja, sawasawa kabisa na telekomande ya televizyo! Kisha akaonyesha filme. Katika filme ile watu walikuwa wakivua samaki kwa mukono, wakipiga ngoma, wakikata vyakula, wakiongoza wapiga muziki, hata kutengeneza meno kama munganga. Lakini kioo cha televizyo hakikuonekana. Walionyeshwa wachezaji tu, vijana kwa wazee, wakipungapunga mikono na kucheka.

Mashine yenyewe iliitwa kwanza Revolution. Katika Aprili 2006 ikapewa jina jipya: Wii. Nintendo ilieleza kwamba jina hilo linasikika kama neno la Kiingereza la kusema "sisi", kwa maana mashine ni ya watu wote, na herufi mbili za mwisho zinafanana na watu wawili wanaosimama pamoja. Siye tunaosoma Kifaransa tunasikia neno lingine: ni kama kusema "ndiyo".

2. MAWAZO YA KWANZA YA WATU

Sasa tusikie ginsi watu walivyohukumu.

Wa kwanza ni wale waliocheka. Walicheka sura: "Ile si kitu ya kucheza, ni telekomande tu." Walicheka jina. Wengine walisema mukono utachoka upesi, kwa maana nani atapunga mukono saa mbili nzima? Wengine walikumbuka mwaka 1989, wakati kampuni ya Mattel ilipouza glovu moja ya kuvaa mukononi, Power Glove, ya kucheza kwenye mashine ya Nintendo ya siku zile. Glovu ile ilitangazwa kwa kelele nyingi, lakini haikusikia mukono muzuri, na watu wakaiacha. Kwa hiyo walisema: hii nayo itakufa vilevile.

Wa pili ni wale waliosifu. Hao waliposikia kwamba fimbo inasikia mukono, walifikiri inaona kila kitu: ukikunja kiwiko itajua, ukigeuza upanga kidogo itajua, ukisogea hatua moja itajua. Mbele ya macho yao walikwisha kuona upanga wa kweli.

Kwanza tuseme juu ya waliocheka. Walitazama umbo. Siye tunaosoma Biblia tunajua kwamba kosa hilo ni la zamani: hata nabii Samweli, alipofika nyumbani kwa Yese, aliutazama urefu wa Eliabu na kufikiri amekwisha kupata mufalme. Umbo la telekomande, lile lililochekwa, ndilo lilikuwa na hekima. Mutu ambaye hajawahi kugusa maneti amekwisha kukamata telekomande mara mingi. Haiogopi. Katika muchezo wa tenisi hakuna wa kumufundisha: anapunga mukono kama anapiga mupira, basi, mupira umekwenda.

Soko lilijibu upesi. Katika Mei 2006, huko Los Angeles, watu walisimama musururu kwa masaa ili waijaribu. Wii ikaanza kuuzwa Marekani tarehe 19 Novemba 2006 kwa bei ya karibu dola 250. Siku mbili mbele yake PlayStation 3 ilikuwa imetoka, na bei yake ilikuwa karibu dola 500 kwa ile ya chini, na 600 kwa ile ya juu. Marekani na Ulaya, Wii ilitolewa pamoja na Wii Sports, yenye michezo mitano: tenisi, bezboli, bulingi, gofu na ngumi. Mwisho wa hesabu, Wii iliuzwa zaidi ya milioni 101. PlayStation 3 na Xbox 360, zilizokuwa na nguvu kuipita, kila moja ilibaki chini ya milioni 90.

Basi, waliocheka walikosea. Lakini je, waliosifu walisema kweli? Hapa sherti tufungue fimbo na kutazama ndani.

3. NDANI YA FIMBO

Ndani ya telekomande ya Wii kulikuwa na vipimo viwili vya kazi mbalimbali. Tuvieleze kimoja kimoja.

Kipimo cha kwanza ni kipande cha silisiumu, milimetre 4 kwa milimetre 4 tu, kilichotengenezwa na kampuni ya Analog Devices ya Marekani. Ndani yake kuna uzito mudogo sana ulioshikwa na resori ndogo, nazo ni za silisiumu. Ukitikisa fimbo, uzito ule unachelewa kidogo. Ukichelewa, vibao vidogo vya kondansateri vinakaribiana ao kuachana, na umeme unabadilika. Mashine inasoma badiliko lile na kujua: mukono umeanza, mukono umesimama, mukono umegeuka. Kitu kinachopimwa ni kile profesa wetu wa fizika anachokiita akselerasio: si mwendo wenyewe, bali kuongezeka ao kupunguka kwa mwendo.

Tutoe mufano. Umesimama juu ya kamio, umefunga macho. Shofere akiondoka kwa nguvu, mwili wako unarudi nyuma. Akifunga freni, mwili unakwenda mbele. Akikata kona, unaegemea upande. Bila kuona kitu umejua maneno yote hayo. Lakini kamio ikienda mbio zile zile, bila kuongeza wala kupunguza, katika barabara laini iliyonyooka (barabara kama hiyo hatuna nyingi kwetu!), mwili wako hausikii kitu. Unaweza kwenda kilometre kumi na kufikiri umesimama. Basi, uzito mudogo ndani ya fimbo ndio wewe juu ya kamio.

Kuna neno lingine. Hata fimbo ikitulia mezani, uzito ule unavutwa na dunia kuelekea chini. Kwa hiyo kipimo hakisomi sifuri: kinasoma nguvu ya dunia, ile tunayoandika kwa herufi g. Na kwa kuwa chini ni chini siku zote, fimbo inajua kama imelala, imesimama ao imeinama. Wenye telefone za kisasa wanalijua jambo hili bila kujua: ukilaza telefone, picha nayo inageuka, kwa sababu ndani kuna kipimo cha aina hiyo.

Kipimo cha pili kiko katika pua ya fimbo: kamera ndogo isiyoona watu wala nyumba. Inaona tu mwangaza ule usioonekana kwa macho yetu, infraruji. Mwenye kucheza aliweka juu ya televizyo, ao chini yake, kipande chembamba kama rula, chenye taa za infraruji pande mbili. Watu mingi waliamini kwamba rula ile ndiyo inayosikia mukono. Hapana! Rula haisikii kitu, inaangaza tu. Ni fimbo inayotazama taa zile. Ikiziona upande wa kushoto, inajua imeelekezwa kuume. Ikiziona zimekaribiana sana, inajua imekwenda mbali. Ushuhuda ni huu: watu waliondoa rula na kuweka mishumaa miwili iliyowaka, na fimbo ilifanya kazi, kwa maana muali wa moto nao unatoa infraruji.

Habari zote hizo fimbo ilizituma kwa mashine kwa mawimbi ya radio, Bluetooth, bila waya. Nguvu ilitoka kwa pile mbili ndogo.

Tuangalie jambo moja hapa. Vipimo vya namna ya kile cha kwanza havikuzaliwa kwa ajili ya michezo. Tangu miaka ya 1990 vilikuwa ndani ya motokari, kazi yake ikiwa kusikia mugongano ili mufuko wa hewa ujae upesi na kulinda kichwa cha shofere. Nintendo ilikamata kitu kilichojulikana, kilichokwisha kuwa rahisi kwa bei, na kukitumia mahali ambapo wengi hawakufikiri.

4. KILE AMBACHO FIMBO HAIKUJUA

Sasa tunaweza kuwajibu waliosifu.

Ukikumbuka ile kamio, utafahamu mara moja upungufu wa fimbo. Haikujua mukono uko wapi. Ilijua tu kwamba umetikisika. Tena haikuweza kutenga nguvu ya dunia na nguvu ya mukono: vyote viwili vilifika katika uzito mumoja. Na ukiizungusha polepole kuume na kushoto, kama mutu anayekataa kwa kichwa, uzito haukusikia kitu, kwa maana chini haijabadilika. Hapo kamera ilisaidia, lakini kamera nayo ilikuwa kipofu mara tu fimbo ilipoacha kuelekea kwenye televizyo.

Watoto ndio waliovumbua siri kwanza. Siku za kwanza walicheza tenisi wamesimama, wakirusha mukono wote na kutoka jasho. Kisha wakaona kwamba ukikaa kwenye kiti na kutikisa kiwiko kidogo cha mukono, hapo kwenye kifundo, mupira unakwenda vilevile. Mashine haikuona tofauti kubwa, kwa maana haikupima mwendo wa mukono, ilipima mutikisiko. Wale waliongojea upanga wa kweli walivunjika moyo.

Mukono wenyewe nao ulileta mambo. Watu walirusha kwa nguvu, fimbo ikawaponyoka, kamba ya kufunga kwenye mukono ikakatika, na kioo cha televizyo kikapasuka. Katika Desemba 2006 Nintendo ilitangaza kwamba itabadilisha bure kamba karibu milioni 3.2 na kutoa zilizo nene zaidi. Katika Oktoba 2007 iliongeza vazi laini la kufunika fimbo, nalo likatolewa bure.

Upungufu wa kipimo ulitengenezwa katika mwaka 2009, wakati kilipotoka kipande cha kuongeza nyuma ya fimbo, Wii MotionPlus. Ndani yake mulikuwa jiroskopu, kipimo kinachosikia kuzunguka. Kwa vipimo hivyo pamoja, fimbo ilifuata upanga karibu zaidi na ukweli. Mwaka 2010 kampuni zingine nazo zilikuja: Sony na fimbo yake Move, Microsoft na kamera yake Kinect, iliyotazama mwili wote bila kukamata kitu chochote.

Lakini tusifikiri kwamba kusikia mukono kulikuwa dawa ya siku zote. Wii U, iliyofuata mwaka 2012, iliuzwa chini ya milioni 14 tu. Microsoft nayo iliacha kutengeneza Kinect katika mwaka 2017. Mwaka ule ule Nintendo ilitoa Switch, na katika maneti zake ndogo vipimo vya mutikisiko na vya kuzunguka vilikuwamo. Ila havikuwa tena ajabu ya kutangazwa. Vilikaa pamoja na butoni, kila kimoja na kazi yake. Bwana Iwata hakuiona siku ile. Alikufa tarehe 11 Julai 2015.

5. MATUNDA YAKE

Je, kwa sababu haikuona mukono, fimbo ilikuwa uongo? Sisi tunasema hapana. Ilitosha kwa kazi iliyoitiwa. Katika nyumba za wazee huko Marekani, wazee wasioweza tena kubeba mupira muzito wa bulingi walicheza bulingi kwa fimbo hiyo, na kushindana wao kwa wao. Katika mahospitali, waganga waliwapa wagonjwa waliojifunza tena kutumia mukono. Mugonjwa aliyechoka kurudia zoezi moja alikubali kurudia mara mingi kama ni muchezo.

Tunda lingine linagusa shule. Katika mwaka 2007 mwanafunzi mumoja wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Johnny Chung Lee, alifikiri hivi: ndani ya fimbo ya dola 40 kuna kamera nzuri ya infraruji, basi inaweza kufanya kazi ingine. Akatengeneza kalamu yenye taa ndogo ya infraruji. Akaweka fimbo ya Wii itazame ukuta ambapo picha ya ordinateri ilikuwa ikionyeshwa. Mwalimu akigusa ukuta kwa kalamu, ordinateri inajua amegusa wapi, na maandiko yanatokea. Ubao wa namna hiyo uliuzwa madukani kwa dola elfu na zaidi. Naye alieleza kazi yake kwa filme na kutoa programu yake bure, ili kila mutu ajaribu.

Ndugu, tuwaze kidogo juu ya jambo hili. Bwana Lee hakutengeneza kamera. Alijua tu kamera ile inapima nini. Yule asiyejua aliona kitu cha kuchezea. Yeye aliona ubao wa darasa. Siye ambao maabara zetu hazina vyombo vingi, hatuwezi kungojea mupaka vyote vifike. Lakini kila siku mikononi mwetu munapita telefone, radio za zamani, taa, mota ndogo. Mara mingi tunajua bei yake na rangi yake, na tunabishana ni ya marki gani. Ni wachache wanaouliza kinachofanyika ndani.

6. JARIBIO

Kwa hiyo tunaomba kila darasa lijaribu mambo mawili. Hayaombi franka hata moja.

La kwanza: funga jiwe dogo kwa kamba ya sentimetre 30 hivi, nyoosha mukono mbele, acha jiwe lininginie mupaka litulie. Kisha anza kutembea kwa gafula. Jiwe litabaki nyuma. Ukiendelea kwa mwendo mumoja, litarudi kuninginia karibu wima. Ukisimama gafula, litakwenda mbele. Umetengeneza kipimo cha akselerasio, ndugu ya kile cha Wii.

La pili: toboa tundu ndogo karibu na chini ya chupa ya plastiki, ujaze maji, uache kifuniko wazi. Maji yatatoka. Sasa panda juu ya kiti na kuiachilia chupa ianguke. Angalia muzuri: wakati inapoanguka, maji yanaacha kutoka. (Fanyeni nje, si katika darasa, ili Bwana Prefe asituite sote ofisini.)

Ukifahamu sababu ya jambo la pili, utaweza kujibu ulizo letu la mwezi huu: mutu akirusha fimbo ya Wii juu, kisha isubiriwe ishuke, kipimo kinasoma nini wakati fimbo ingali hewani? Sifuri, g moja, ao zaidi? Andikeni jibu pamoja na sababu yake, kwa maana jibu bila sababu hatutalihesabu. Mulete kwa wandishi wa gazeti, na profesa wa fizika atahukumu.